Kikao Kwanza, Begi Baadaye: Mwongozo wa Marafiki Wanaokwenda Ulaya

Marafiki wakisafiri pamoja, mwendo wao huwa ni wa yule mwenye begi zito kuliko wote. Mmoja akiburuta sanduku la kilo 25, wote wanne watatafuta lifti ambayo haipo, wote watalipia teksi kubwa, na treni ikiwaacha itawaacha wote. Kwa hiyo kubeba vitu vichache ni heshima unayowapa wenzako, na ni jambo la kukubaliana mapema, kabla mtu hajanunua hata begi lenyewe.

Ili tusizungumze hewani, tuchukue mfano wa marafiki wanne wanaotoka Dar es Salaam au Nairobi mwishoni mwa Septemba kwa siku kumi. Watalala Amsterdam siku tatu, Brussels mbili, Paris nne. Ni njia nzuri kwa wanaokwenda Ulaya mara ya kwanza: miji iko karibu, treni zinaiunganisha, na kwa kuwa KLM na Air France ni kampuni za kundi moja, ni rahisi kununua tiketi ya kushukia Amsterdam na kurudi nyumbani kutoka Paris bila kurudia njia.

Kikao cha kwanza: miezi mitano kabla

Kaeni uso kwa uso kama inawezekana. Kundi la WhatsApp linafaa kwa kukumbushana, lakini fedha, mwendo, chakula na mzigo ni mambo ya kusemwa watu wakitazamana.

Anzeni na fedha. Kila mmoja ataje kiasi ambacho hawezi kukivuka, kisha safari ipangwe kwa kumfuata mwenye uwezo mdogo. Wenye zaidi watapata nafasi ya kutumia chao wakiwa peke yao. Kwenye bajeti msisahau kodi ya watalii inayoongezwa kwenye malazi. Amsterdam peke yake hutoza asilimia 12.5 ya bei ya chumba.

Halafu mwendo. Nani huamka alfajiri na nani huanza kuwa mtu saa nne asubuhi? Nani anataka makumbusho na nani anataka masoko? Kubalianeni tangu mwanzo kwamba kutakuwa na nusu siku, mara mbili au tatu, ambazo kila mtu atakwenda anakotaka bila kuulizwa. Urafiki hudumu zaidi ukipewa nafasi ya kupumua. Wenye swala, wenye kula halali tu na wenye mzio wa chakula waseme hapo hapo, maana mahali pa kulala na pa kula patategemea hayo.

Mwisho, mzigo. Pitisheni azimio moja: kila mtu begi moja la kuingia nalo ndani ya ndege, lisilozidi kilo 8, pamoja na kimkoba cha mwilini. Likipitishwa kikaoni, hakuna atakayejiona ameonewa siku ya safari.

Kabla ya kuachana, gawaneni kazi. Mmoja ashike tiketi na malazi, mmoja awe mweka hazina, mmoja ashike ramani na ratiba, mmoja ashike dawa. Kila mwenye kazi awe na msaidizi wa kumshika mkono akichoka.

Viza: kila mtu lake, ratiba moja

Viza ya Schengen inaruhusu kutembelea nchi 29, kwa muda usiozidi siku 90 ndani ya kila siku 180. Uingereza na Ireland hazimo. Treni ya Eurostar inafika London, na kikundi kinaweza kushawishika kupitia huko kwa siku moja. Msithubutu bila viza ya Uingereza.

Maombi hupelekwa kwa nchi ambayo mtakaa siku nyingi zaidi. Siku zikilingana, ni nchi mtakayoingilia kwanza. Katika mfano wetu Paris ina siku nne, kwa hiyo maombi ni ya Ufaransa, ingawa ndege itatua Uholanzi. Ratiba ya wote wanne isomeke sawasawa, tarehe kwa tarehe. Mmoja akiandika mji ambao wenzake hawakuuandika, anajitafutia maswali yasiyo ya lazima.

Dirisha la kuomba hufunguka miezi 6 kabla ya safari na hufungwa siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida huchukua siku 15 tangu maombi yapokelewe, lakini unaweza kufika siku 45, na kupata miadi ya kupeleka fomu nako huchukua muda. Lengeni miezi mitatu kabla. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na juu yake kuna gharama ya wakala anayepokea maombi.

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na angalau kurasa mbili tupu, na iwe hai kwa miezi mitatu zaidi baada ya siku ya kutoka Ulaya. Bima ya safari ilipe matibabu na kurudishwa nyumbani kwa kiwango kisichopungua euro 30,000, na itambulike katika nchi zote za Schengen. Taarifa za benki, barua ya mwajiri au nyaraka za biashara, na barua ya likizo ziandaliwe na kila mtu kwa jina lake. Fedha za rafiki hazikuombei viza wewe.

Kuna jambo ambalo marafiki wengi huona haya kulisema: itakuwaje mmoja akinyimwa viza? Lisemwe kikaoni. Tumieni nafasi za ndege na malazi zinazoweza kufutwa bila hasara mpaka majibu ya wote yatoke. Kubalianeni kama waliobaki watakwenda, na kama gharama ya chumba itagawanywa upya. Aliyenyimwa hupewa sababu kwa maandishi na ana haki ya kukata rufaa.

Tangu Oktoba 12, 2025 Ulaya ilianza kutumia mfumo wa kielektroniki wa kusajili wageni mpakani badala ya muhuri wa pasipoti. Mara ya kwanza unapoingia unapigwa picha ya uso na taarifa zako zinahifadhiwa. Foleni inaweza kuwa ndefu, kwa hiyo msikate tiketi ya treni inayoondoka muda mfupi baada ya ndege kutua.

Begi lenyewe

KLM na Air France humruhusu abiria wa daraja la kawaida begi la sentimita 55 kwa 35 kwa 25, pamoja na kimkoba kidogo, na jumla ya vyote isizidi kilo 12. Emirates na Ethiopian kilo ni 7. Mkipanga mbele kupanda ndege za bei nafuu ndani ya Ulaya, masharti ni makali zaidi: Ryanair hutoa bure kimkoba cha sentimita 40 kwa 30 kwa 20 tu, na kila kinachozidi kinalipiwa. Someni masharti ya tiketi yenu hasa, kisha fuateni kipimo kidogo kuliko vyote mtakavyokutana navyo njiani.

Utaniambia tiketi yako inakuruhusu sanduku la kilo 23. Kuruhusiwa si kuamriwa. Ndege italibeba bure, lakini ukishuka ni wewe utakayelibeba. Nyumba za zamani za Amsterdam zina ngazi nyembamba zilizosimama wima, na hoteli nyingi ndogo hazina lifti. Stesheni nyingi za metro ya Paris ni ngazi kushuka, ngazi kupanda, na ujia mrefu katikati. Barabara za mawe zinazoizunguka Grand-Place ya Brussels hung'oa magurudumu ya masanduku. Begi la mgongoni lenye mikanda mipana ya mabegani na mkanda wa kiunoni linapita kote huko, na linaiacha mikono yako miwili huru.

Nguo: hesabu ya siku tano

Safari ya siku kumi inahitaji nguo za siku tano na kufua mara moja. Mwishoni mwa Septemba joto la miji hii huwa kati ya nyuzi 10 na 20 hivi, na mvua ya Amsterdam hainyeshi kwa kuuliza. Usibebe koti moja kubwa la baridi kali. Vaa tabaka juu ya tabaka: fulana, shati la mikono mirefu, sweta, na juu kabisa koti jepesi lisilopitisha maji. Ukisikia joto unavua moja, ukisikia baridi unaongeza.

Hii ndiyo orodha, ikiwa ni pamoja na utakayovaa siku ya kusafiri:

- Suruali au sketi 2, mashati au fulana 4, gauni au vazi moja la heshima.
- Sweta 1, koti la mvua 1, skafu 1.
- Nguo za ndani za siku 5, soksi pea 4, vazi moja la kulalia.
- Viatu pea 2: raba ulizokwisha kuzizoea miguuni, na kiatu kingine chepesi au kandambili.
- Kanga au kikoi 1.

Hiyo kanga usiiache. Ni taulo, ni shuka kwenye treni, ni kujitanda kichwani na kufunika mabega katika nyumba za ibada, na ikilowa inakauka upesi. Chagua nguo za rangi zinazokubaliana, ili kila shati livaliwe na kila suruali. Siku ya safari vaa vile vizito: raba, sweta na koti. Nguo nyingine zikunje kwa kuziviringisha, soksi ziingie ndani ya viatu.

Kufua kufanyike Brussels, katikati ya safari. Maduka ya mashine za kufulia za kulipia yapo katika miji yote mitatu. Nguo za wanne zikiingia pamoja katika mashine mbili, nyeupe na za rangi, kazi inamalizika kwa muda wa saa mbili na gharama inagawanywa.

Kwa wenye nywele ndefu, kusuka kabla ya kuondoka kunaokoa uzito wa vifaa na mafuta mengi, na kunaokoa muda wa asubuhi kwenye bafu moja mnalogombania wanne.

Vya pamoja visirudiwe mara nne

Hapa ndipo faida ya kikao inapoonekana. Wasafiri wanne wasiopanga hubeba pasi nne, dawa za meno nne kubwa na masanduku manne ya dawa. Waliopanga hubeba kimoja kimoja.

Angalieni umeme. Plagi zetu za Tanzania na Kenya ni za pini tatu bapa. Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa hutumia pini mbili za mviringo. Nguvu ya umeme inakaribiana na yetu, volti 230 hivi, kwa hiyo hamhitaji kifaa cha kuibadili, adapta ya plagi inatosha. Mmoja abebe ekstensheni ya nyumbani yenye matundu manne. Mkiichomeka kwenye adapta moja, simu zote nne zitachajiwa kwa chaja zenu za kawaida. Isitumike kwa vifaa vya moto kama birika au pasi.

Vingine vya pamoja ni kisanduku kimoja cha dawa za maumivu, tumbo, mafua na plasta, mzani mdogo wa mkononi wa kupimia mabegi, sindano na uzi, sabuni ya kipande ya kufulia, na begi moja tupu la kukunja kwa ajili ya zawadi za kurudi nazo. Vigawanywe ili kilo zisimwangukie mmoja. Pasi iacheni nyumbani.

Vimiminika kwenye begi la mkononi viwe ndani ya chupa zisizozidi mililita 100 kila moja, zote ziingie katika mfuko mmoja wa plastiki angavu wa lita moja kwa kila abiria. Mafuta ya kupaka ya mgando, jeli ya nywele na dawa ya meno navyo huhesabiwa humo. Kopo kubwa la mafuta litaishia kwenye pipa la uwanja wa ndege. Pawabenki ikae nawe ndani ya ndege, kamwe isiingie kwenye mzigo wa chini. Inayoruhusiwa bila kibali ni isiyozidi wati-saa 100, na ya 20,000 mAh iko chini ya kiwango hicho. Dawa za daktari zibaki katika pakiti zake pamoja na cheti chake, na kila mgonjwa abebe zake mwenyewe.

Mizigo ya kutumwa

Habari za safari zikienea, simu zitaanza. Shangazi ana binti Uholanzi, jirani ana mdogo wake Paris, na kila mmoja ana kifurushi kidogo tu. Hili ndilo linalovunja mipango ya watu wengi wa kwetu, kwa sababu kukataa ndugu ni kazi ngumu.

Jibuni kwa sauti moja, kwa jina la kikundi: "Shangazi, tumekubaliana kila mtu begi moja, na langu limejaa." Ni kweli, na haliumizi. Mkiamua kupokea kitu, kiwe kimoja kwa kikundi kizima, kifunguliwe mbele yenu, na kipimwe. Kifurushi kilichoshonwa au kufungwa kwa gundi msikipokee, hata kikitoka kwa mtu mnayemwamini.

Tena kuna sheria. Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kutoka kwetu kuingiza nyama wala vyakula vya maziwa, kwa hiyo nyama ya kukausha, samli na jibini vibaki. Dagaa wakavu na samaki wengine wa matumizi binafsi wanaruhusiwa mpaka kilo 20, na asali mpaka kilo 2. Matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Maana yake embe la Shangazi halivuki bila cheti, ila tende zake zinavuka.

Fedha na simu

Anzisheni mfuko wa pamoja: kila mtu atoe kiasi sawa kwa ajili ya usafiri wa mjini, maji, vyakula vya kupika nyumbani na viingilio vya wote. Ununuzi wa mtu binafsi ni juu yake. Mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo kila usiku mweka hazina aandike matumizi ya siku kwenye kundi, na hoja ziishe usiku huo huo.

Kila mtu awe na kadi yake ya benki ya Visa au Mastercard, tena aiarifu benki kabla ya kuondoka. Maduka mengi ya Amsterdam hayapokei noti kabisa. Kwenye mabasi, tramu na treni za Uholanzi unaweza kulipa kwa kugusisha kadi unapopanda na tena unaposhuka, lakini kadi moja humlipia mtu mmoja. Mashine ikikuuliza kama ulipe kwa shilingi au kwa euro, chagua euro. Ukichagua shilingi, wenye mashine watabadili kwa kiwango chao, na mara nyingi kinaumiza.

Laini ya simu itakayonunuliwa Uholanzi hutumika pia Ubelgiji na Ufaransa bila kulipia kama mgeni, kwa taratibu za Umoja wa Ulaya zilizopo tangu 2017. Laini mbili zenye intaneti nyingi zinatosha kikundi cha wanne, mradi kila mkiachana kila upande uwe na moja.

Tiketi zisizosubiri

Treni ya Eurostar hutoka Amsterdam hadi Brussels kwa muda wa saa mbili hivi, na Brussels hadi Paris kwa saa moja na dakika 22. Bei hupanda kadiri siku zinavyokaribia, kwa hiyo nunueni mara viza zote zinapotoka. Tiketi za nyumba ya Anne Frank huuzwa mtandaoni tu: kila Jumanne hufunguliwa zile za wiki sita mbele. Louvre hufungwa Jumanne. Pale Tervuren, pembeni ya Brussels, ipo AfricaMuseum, ambayo makusanyo yake mengi yalitoka Kongo wakati wa ukoloni. Hufungwa Jumatatu. Mwafrika akifika Brussels ana sababu nzuri ya kwenda kuiona na kuijadili na wenzake.

Saa za tiketi huandikwa kwa mtindo wa saa 24. Tiketi ikisema 19:13, ni saa 1 na dakika 13 jioni. Kwenye kundi lenu andikeni hivyo hivyo ili asiwepo atakayefika stesheni asubuhi.

Mkiwa njiani

Wezi wa mifukoni wapo, hasa kwenye metro ya Paris na stesheni ya Brussels-Midi. Pasipoti na kadi ya akiba vikae kwenye kimkoba cha ndani ya nguo. Kila mmoja awe na nakala ya pasipoti ya mwenzake kwenye simu, ili simu ya mtu ikiibwa nakala yake isiende nayo. Namba ya dharura kote Umoja wa Ulaya ni 112, nayo ni bure.

Wekeni kanuni ya kupotezana: milango ya treni ya mjini ikifunga mkiwa mmegawanyika, waliomo ndani washuke kituo kinachofuata na kusubiri, walioachwa wapande treni inayofuata. Maji ya bomba ya miji hii yananyweka, kwa hiyo kila mtu abebe chupa tupu na kuijaza baada ya ukaguzi.

Zawadi zinunuliwe Paris, mji wa mwisho, ziingie kwenye lile begi la kukunja. Hilo moja liende kama mzigo wa chini wakati wa kurudi, na kama tiketi zenu haziliruhusu bure, gharama mgawane. Mkinunua Ufaransa vitu vya zaidi ya euro 100 katika duka moja, ombeni fomu ya kurudishiwa kodi na mwipitishe kwenye mashine za PABLO pale uwanja wa Charles de Gaulle kabla ya kukabidhi mzigo.

Wiki moja kabla: jaribio la ngazi

Kutaneni nyumbani kwa mmoja wenu, kila mtu na begi lake likiwa limefungwa kama la safari. Pimeni yote kwa mzani. Kisha yavaeni, mpande ghorofa tatu kwa miguu na mtembee nusu saa kwenye barabara mbovu. Mkirudi, kila begi lifunguliwe na mwenzake, si mwenyewe, maana mwenye vitu ana sababu ya kila kitu. Huyo mwenzake atoe vitu vitatu. Anayetaka kurudisha alichotolewa aulizwe swali moja tu: ukichoka, nani atakibeba? Kama jibu ni rafiki yake, kibaki nyumbani.